Mikunjo ya Paja

Futi yangu ilijua kabla yangu.
Nilikuwa nakata suruali ya flaneli
ya Nzigire, wiki saba tangu azaliwe,
na mguu wa kushoto ukakataa kulingana na wa kulia.
Nikadhani chaki imeteleza.
Nikapima tena, nikafumua, nikashona tena.
Kitambaa hakikuwa na kosa.

Nikamlaza kifudifudi juu ya meza ya cherehani
(pini nilizisogeza, usinihukumu):
paja hili mikunjo miwili,
paja lile mitatu.

Mama mkwe akasema, ni mnono tu.
Jirani wa juu akasema, mmemwangusha, mnaficha.
Huku Kadutu kila mtu ana jirani wa juu;
maji yake ya kufulia hupita mlangoni pako.
Nami usiku nilijishitaki:
ni mgongo wangu, ni kitenge,
nimembana mno nikikanyaga cherehani.

Tulifika hospitali na matope hadi magotini.
Daktari Muhigirwa alinawa, kisha akasugua viganja.
Mwanaume mzima, foleni imefika langoni,
anasubiri mikono yake ipate joto.
Akayakunja magoti ya mtoto, akayafungua taratibu
kama kitabu kilicholowa.
Kukasikika... hapana, hakukusikika.
Aliuchukua mkono wangu akauweka pale:
tuk.
Kama kifungo cha chuma kinapoingia kwa mwenzake.
"Hapo mfupa umerudi." Akaachia.
"Hapo umetoka."

Akanionyesha kwenye mashine, kivuli na kivuli:
paja lina kichwa cha mviringo, nyonga ni bakuli lake,
na bakuli la Nzigire lilikuwa sahani.
Msichana, uzazi wa kwanza, alitanguliza matako;
mambo kama hayo, akasema, hayana mchawi.

"Na mgongo wangu?"
Akacheka, si kwa dharau.
"Mgongo wako ulikuwa unamsaidia, mama.
Miguu ikikumbatia kiuno, mfupa unatazama kwao.
Usiku mnamlazaje?"
Nikamtazama mama mkwe.
Mama mkwe akatazama dirisha.
Ni yeye aliyemfunga shuka kila jioni,
miguu imenyooshwa, imekazwa kama chikwange ndani ya jani,
ili akue mrefu.
Kwa upendo. Hilo nalo liandikwe.

Wakamvika mikanda, mabegani hadi nyayoni,
magoti juu, yamepanuka, chura mdogo.
Wiki kumi na mbili, asivuliwe hata kuoga
mpaka waseme wao.
Niliikagua mishono kabla ya kushukuru.
Nzigire alilia siku tatu.
Mimi tano.

Benchini alikaa mwanamke kutoka Walungu
na mvulana wa miaka mitatu atembeaye kama bata.
Kwake mikanda ilikwisha kupitwa na wakati:
kisu kwanza, kisha plasta toka kifuani hadi vidoleni.
Akaniuliza, "Wa kwako ulimgunduaje?"
Nikasema, "Suruali."
Akanitazama kama niliyemtukana.
Jina lake sikuliuliza. Linanisumbua hadi leo.

Siku walipoivua, mapaja yalikuwa meupe penye mikanda,
na Nzigire hakujua afanye nini na uhuru;
akabaki vilevile, magoti hewani.

Patroni niliichora juu ya mfuko wa saruji.
Sasa nawashonea hospitali, ya kwanza bure,
ya pili kwa deni ambalo hawajalipa.
Ndani ya kila bega naweka mshono mara mbili,
maana hapo ndipo maziwa huozesha uzi.

Na mama mkwe?
Anapanda na kushuka vilima vya Kadutu,
anaingia nyumba za wazazi bila hodi,
anafungua mashuka ya watu.
"Acheni miguu ipumue! Ninyi hamjui kitu?"
Kana kwamba alizaliwa akijua.